Somo: Namna ya kumpata fundi rangi wa gari anayeaminika

Swali la wapi pa kupeleka gari lililokwaruzwa au kubonyea limeulizwa hapa mara nyingi mno, na majibu yake karibu yote huwa ni jina la gereji ambayo aliyejibu aliona gari likitoka linang'aa. Kung'aa hakuthibitishi chochote. Gari lililopulizwa rangi juu ya kutu hung'aa vilevile siku ya kuchukuliwa, na kasoro hujitokeza baadaye, wakati rangi inapovimba malengelenge au kubanduka kwenye kingo. Fundi hupimwa kwa kazi ambayo rangi itaifunika, na somo hili linaeleza jinsi ya kuiona kazi hiyo kabla haijafunikwa. Atakayeuliza tena swali lile lile ataelekezwa hapa.

Hatua ya kwanza. Osha gari, kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, huenda vanishi ya juu haijatobolewa na polishi itatosha. Bati likiwa limebonyea lakini rangi haijapasuka, muone kwanza fundi anayenyoosha bila kupaka rangi.

Hatua ya pili. Piga picha mchana kutoka pembe mbalimbali, na unakili namba ya rangi iliyo kwenye kibandiko cha gari, ambacho mara nyingi huwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti.

Hatua ya tatu. Tembelea gereji kadhaa, na usiombe kuoneshwa gari lililokamilika. Omba kuona lililo katikati ya kazi. Angalia kama taa, vishikio vya milango na mipira ya madirisha imefunguliwa au imezungushiwa utepe tu, kwa sababu rangi inayoishia kwenye ukingo wa utepe huacha mstari ambao maji na uchafu huanza kuupenya. Angalia pia kama mahali pa kusugulia pametenganishwa na chumba cha kupulizia, na kama hewa ya kompresa inapita kwenye kichujio cha kuondoa maji na mafuta. Mtazame fundi mwenyewe. Vigumishi vya vanishi nyingi za kuchanganya vina isosianeti, kemikali zinazosababisha pumu kwa wanaozivuta kazini, kwa hiyo anayepuliza anapaswa kuvaa barakoa maalumu, na iliyo bora ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira. Mwenye gereji anayemwachia kijana apulize akiwa amejifunga kitambaa puani hastahili kuaminiwa, hata kama bei yake ni nafuu.

Hatua ya nne. Dai makadirio ya maandishi yanayotaja kila paneli itakayoguswa, kama itanyooshwa au kubadilishwa, aina ya rangi na vanishi, kama rangi itafifishwa (yaani itapunguzwa kidogo kidogo) kuelekea paneli jirani, na dhamana inahusu kasoro zipi kwa muda gani. Neno “dhamana” likiandikwa peke yake, bila kutaja kubanduka, malengelenge au kupauka, halina nguvu yoyote siku ya malalamiko.

Hatua ya tano. Lione gari likiwa kwenye praima, yaani tabaka la msingi, kabla ya rangi. Hatua hii niliwahi kuiruka, ndiyo maana naieleza kwa urefu. Mlango niliokabidhiwa ulikuwa laini kabisa siku ile, lakini wiki kadhaa baadaye mistari ya msasa ilianza kuonekana chini ya vanishi, na kuizunguka kulikuwa na duara lililoonesha waziwazi ukingo wa puti, ule udongo wa kusawazishia mabonde ya bati. Sababu yake inafahamika: puti na praima huendelea kusinyaa kadiri vimiminika vilivyomo vinavyokauka, na fundi aliyeparuza kwa msasa mkali wa namba 80 kisha akarukia ule laini bila kupitia namba za katikati huacha mifereji ambayo praima huijaza kwa muda tu, kisha huzama ndani yake. Ukifika gereji, chuchumaa ubavuni mwa gari na uitazame paneli kwa mshazari dhidi ya mwanga, kwani wimbi lisiloonekana ukiwa umesimama mbele yake huonekana ukiwa pembeni. Uliza puti ina unene gani. Kazi yake ni kusawazisha milimita chache, na bonde kubwa linapaswa kunyooshwa kwanza. Palipokuwa na kutu, uliza kama iling'olewa hadi bati tupu na kupakwa praima ya kuzuia kutu, na uombe kuoneshwa picha.

Kuna tahadhari tatu. Kubaliana kuhusu ziara hii kabla ya kukabidhi ufunguo, maana fundi akikataa gari likiwa limeshafunguliwa hutakuwa na njia nyepesi ya kuliondoa. Usiishike paneli kwa mkono mtupu, hasa ukiwa umetoka kugusa polishi yenye silikoni, kwa sababu alama ndogo tu ya silikoni au mafuta huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara. Tatu, usimharakishe fundi. Mteja anayepiga simu kila asubuhi ndiye anayesababisha rangi ipulizwe juu ya praima mbichi.

Hatua ya sita. Omba kadi iliyopulizwa rangi yako pamoja na vanishi yake, uilinganishe na gari kwenye jua na kivulini, ukiitazama kwa mbele na kwa ubavu.

Hatua ya saba. Chukua gari mchana, likiwa kavu na safi.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Nimesoma, asante. Sasa nitajie gereji moja nzuri na bei ya kupaka bampa.

Jibu: Hukusoma. Bei hutegemea uharibifu, na gereji unaichagua kwa hatua ya tatu hadi ya tano.

Swali: Fundi wangu hupulizia nje, chini ya mti, na hajawahi kuniharibia. Huoni kwamba unawakatisha tamaa mafundi wadogo?

Jibu: Sijaandika popote kwamba gereji iwe kubwa. Nimeandika kuhusu vumbi, hewa yenye maji na mapafu ya anayepuliza, na chini ya mti hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodhibitiwa. Fundi mdogo mwenye chumba safi na barakoa sahihi namkubali bila kusita.

Swali: Samahani ndugu, naomba kuelewa jambo moja. Gari langu ni la fedha yenye chembechembe. Namba ya rangi ilikuwa sahihi, lakini usiku chini ya taa za barabarani bampa linaonekana jeusi kidogo kuliko madgadi. Mchana tofauti siioni. Inawezekanaje?

Jibu: Umeangalia vizuri, na wengi hawafiki huko. Rangi mbili zilizochanganywa kwa viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kutofautiana chini ya mwingine. Isitoshe, namba moja ya rangi huwa na matoleo kadhaa, kwa kuwa rangi ya kiwandani hubadilika kidogo kutoka fungu moja la uzalishaji hadi jingine. Fedha ina ugumu wake wa ziada: chembe za aluminiamu zilizomo hulala kwa namna inayotegemea presha ya hewa, umbali wa bastola ya kupulizia na ubichi wa rangi inapotua. Rangi ikitua mbichi sana chembe huzama na kivuli huongezeka, ikitua kavu huelea juu na rangi huonekana nyeupe zaidi. Ndiyo maana fundi makini huififisha rangi hadi ndani ya paneli jirani, kisha huipaka paneli hiyo yote vanishi, ili jicho lisipate mpaka wa kulinganisha. Mrudie fundi wako jioni, mwoneshe chini ya taa ile ile, na muulize kama madgadi yalifikiwa.

Swali: Je, kipimo cha unene wa rangi kina faida?

Jibu: Kinafaa sana, hasa kwa anayenunua gari lililotumika. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na mikroni 90 hadi 180 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Paneli inayosoma mara mbili ya wenzake huenda imepakwa upya, na inayozidi mikroni 1,000 karibu hakika ina puti. Vipimo vingi havisomi plastiki, kwa hiyo bampa utalikagua kwa macho.

Swali: Kwa kuwa umetaja bampa, langu lina kihisi cha rada nyuma yake. Kuna la kuzingatia?

Jibu: Lipo, na nashukuru umelileta. Puti au matabaka mengi ya rangi mbele ya rada yanaweza kuivuruga, na watengenezaji wengi wa magari huweka mipaka ya ukarabati eneo hilo. Mwambie fundi kabla hajaanza, na hakikisha makadirio yanataja upimaji upya wa kihisi baada ya bampa kurudishwa.

Swali: Niliosha gari kwa mashine na kulipaka nta siku iliyofuata. Rangi imefifia. Fundi ni mwizi?

Jibu: Hapana. Rangi mbichi haipigwi maji ya presha, na nta huizuia isiendelee kutoa vimiminika vyake. Gereji hukausha kwa nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa kuwa gari lenye plastiki na nyaya haliwezi kuingia kwenye joto la tanuri la kiwandani, ambalo hufikia takribani nyuzi 140. Kwa hiyo rangi huendelea kukomaa baada ya kukabidhiwa. Subiri muda uliotajwa na mtengenezaji wa vanishi, ambao mara nyingi ni kati ya siku 30 na 60, na kwa sasa oshea maji ya kawaida na kitambaa laini kivulini.

Swali: Na vidonda vidogo vya mawe kwenye boneti, navyo vinahitaji gereji?

Jibu: Ikiwa bati halijashika kutu, unaweza kuvijaza mwenyewe. Safisha kidonda kwa spiriti, tia tone dogo la rangi yenye namba yako kwa ncha ya kijiti, liache likauke, kisha rudia kwa matabaka membamba hadi likaribie usawa wa rangi ya zamani, na umalizie kwa vanishi. Usilijaze kwa mara moja, maana tone nene hukauka juu na kubaki bichi ndani.