Kuchagua pa kwenda kucheza snoubodi

Kwanza kabisa hakikisha wanakuruhusu kuteleza kwenye theluji na snoubodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili, maana Marekani kuna milima mitatu, Alta na Deer Valley kule Utah na Mad River Glen ya Vermont, ni ya skii tu, zile mbao mbili, moja kila mguu, ukitokea na bodi yako unarudishwa hivihivi. Halafu cheki lifti za kukupandisha mlimani. Kama ndo unaanza zikwepe zile za kuburuza, zinamfaa mtu wa skii anayetazama mbele, wewe umesimama ubavu, mguu mmoja umefungwa mwingine hauna pa kushika, kijiti kinakuvuta katikati ya mapaja, utaanguka tu na foleni yote inakuangalia. Tafuta penye lifti za viti au vibanda. Ramani nayo isome, njia ndefu za tambarare ni mateso kwa sababu huna fimbo za kujisukumia, unafungua mguu unatembea. Ulaya mi ningechagua kituo cha Avoriaz, Ufaransa, kiko mita 1,800 hivi, magari hayaingii, ukitoka nje tu unateleza. Viza ya Schengen, ya kuingilia Ulaya, ikikuzungusha kuna kituo cha Afriski, Lesotho, nenda Juni mpaka Agosti, padogo lakini kwa kujifunza panatosha kabisa.