Somo: Kiwiko cha mtoto kwenye eksirei

Maparachichi yakikomaa huku Rungwe, watoto huanguka mitini na viwiko hujaa chumba cha mionzi. Aliyezoea picha za watu wazima huona vifupa vimeachana, anaandika "amevunjika". Pengo lile mara nyingi ni gegedu, yaani tishu laini ambayo baadaye hugeuka mfupa, na gegedu haionekani kwenye eksirei.

Hatua ya 1. Uliza umri kabla hujaitazama picha. Na jinsia pia, maana mifupa ya wasichana hutangulia kukomaa kuliko ya wavulana.

Hatua ya 2. Hesabu viini vya mfupa, yaani sehemu za kiwiko ambako gegedu huanza kugeuka mfupa, kwa zamu yake na umri wa kuonekana kwa miaka: kapitelamu (karibu mwaka 1), kichwa cha radiasi (3), epikondaili ya ndani (5), troklea (7), olekranoni (9), epikondaili ya nje (11). Miaka hupishana mtoto kwa mtoto. Wewe shika zamu.

Hatua ya 3. Hapa tulia. Ukiona kama troklea ipo lakini epikondaili ya ndani haipo mahali pake, shtuka. Ya ndani hutangulia, sasa imekwenda wapi? Huenda imeng'oka ikanasa ndani ya kiungo, nawe unaiita troklea. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa leo leo. Ila troklea halisi huweza kuanza ikiwa vipandevipande, na hiyo ni kawaida. Usimfunge mtoto wa watu hogo bure.

Hatua ya 4. Kwenye picha ya ubavu, tafuta kivuli cheusi cha mafuta nyuma ya kiwiko. Kwa aliyeanguka, kikionekana, mhudumie kama aliyevunjika hata kama ufa huuoni, kisha arudiwe picha baada ya siku 7 hadi 14.

MASWALI

Mwanachama, Mufindi: Shikamoo dokta. Binti wa miaka 11 kateguka mguu, pembeni mwa unyayo, chini ya kidole kidogo, kuna mstari. Ni ufa?
Jibu: Marahaba. Mstari ukifuata urefu wa mfupa, ni kiini cha kawaida cha umri huo. Ukiukata mfupa kwa upana, ni ufa. Lakini bonyeza hapo kwanza, picha haisikii maumivu.

Mwanachama, Tukuyu: Mtoto wa miezi 5, kifundo cha mkono kina vifupa viwili tu. Vingine vimekwenda wapi?
Jibu: Vipo, bado ni gegedu. Hivyo viwili, kapitati na hamati, ndivyo hutangulia.

Mwanachama, Mbalizi: Nipige picha na mkono usioumia nilinganishe?
Jibu: Ukikwama kweli tu. Usiufanye mazoea, ni mionzi ya ziada kwa mtoto.