Vayoleti (lile ua dogo la chunguni, African violet) imelegea na udongo bado mbichi? Hiyo ni mizizi inaoza, fanya hivi

Jamani kitu cha kwanza kabisa weka kopo la maji chini. Najua majani yamelala pembeni ya chungu kama mchicha ulioshinda juani na roho inakuuma unataka kuimwagilia, ila chomeka kidole kwenye udongo kwanza. Ukikuta pakavu ni kiu tu, ipe maji na kesho itasimama. Ukikuta pabichi na majani bado yamelegea basi mizizi imeoza, haivuti tena, na kila tone unaloongeza unaimalizia.

Mi naona wengi tunaziua hizi kwa sababu hatujui zinakotoka. Kwao ni Usambara hapo Tanga, na milima mingine ya huku kwetu mpaka Taita kule Kenya, zinaota kivulini kwenye miamba, mizizi mifupi imejishikiza kwenye vijiufa vyenye majani yaliyooza kidogo tu, mvua ikinyesha maji yanapita yanaenda zake. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa ofisa wa utawala huko Usambara akazipeleka kwao Ujerumani, mwaka 1893 zikapewa jina lake, Saintpaulia, na leo tunauziwa kama ua la Ulaya. Sasa mmea wa mwambani unauweka kwenye chungu kikubwa, udongo mfinyanzi na kisahani kimejaa maji chini, utapumuaje?

Haya, itoe kwenye chungu taratibu, shika kwenye shingo, yaani kile kishina kifupi kati ya mizizi na majani, usivute majani. Kung'uta udongo wote halafu suuza mizizi kwenye maji ya vuguvugu. Angalia rangi, mzima ni mweupe na mgumu kidogo, uliooza ni kahawia au mweusi, unanuka kama tope la mtaroni. Kama huna uhakika ubane kwa vidole viwili uvute, uliooza ganda lake linabanduka lote linabaki kwenye vidole na katikati kunabaki kajiuzi kembamba kama uzi wa cherehani. Huo kata. Kata yote ya hivyo usionee huruma, mkasi uwe umefutwa kwa spiriti, toa na majani ya chini mpaka yabaki machache ya katikati kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha yote.

Sasa angalia shingo. Ikiwa ngumu una bahati. Ikiwa laini na ndani kahawia endelea kukata kwenda juu kipande kipande mpaka ufike kwenye nyama ya kijani isiyo na doa hata moja, ukiacha doa kuoza kunaendelea palepale. Iache ikauke kidonda kama saa moja hivi ndo upande.

Udongo wa zamani tupa, usiurudishie kwenye chungu kingine maana vijidudu vinavyoozesha vimo humo. Chungu kioshe kwa jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisuuzwe vizuri. Na kiwe kidogo! Mzizi mdogo chungu kidogo, lazima kiwe na matundu chini. Mi nachanganya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi vya bustani) nusu kwa nusu, perlaiti ukikosa tumia pumba za mpunga zilizochomwa au chenga za mkaa, ilimradi ukifinya mkononi isigandamane kama ugali.

Ukishapanda lowanisha kidogo tu, funika na mfuko wa nailoni unaoonyesha, weka kwenye mwanga lakini jua lisiipige, kila siku funua ipate hewa. Mbolea usiguse mpaka uone jani jipya katikati. Baada ya hapo mwagilia kwa chini, weka chungu kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 au 30 kisha yaliyobaki mwaga, subiri juu pakauke ndo urudie.

Na kabla hujaanza yote haya, chuma majani mawili matatu mazima uweke akiba, hili naliomba kabisa maana kuna shingo haziponi. Kikonyo kiache kama sentimita 3, kata mshazari, chomeka kwenye mchanganyiko uleule ufunike. Mizizi inatoka kama wiki 3 au 4, vitoto vinachelewa zaidi, vinachomoza pale chini ya kikonyo vimekunjamana vidogo kama sikio la panya. Vikifika urefu wa sentimita 3 hivi vitenganishe, kila kimoja chungu chake.