Namna ya kuandaa msafara wa pikipiki wa kuwakumbuka waliozama na MV Spice Islander

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Miili ambayo jamaa hawakuitambua ilizikwa mahali paitwapo Kama, huko Unguja. Waendesha vespa na bodaboda wanaotaka kujitolea siku mbili tatu kwa ajili ya marehemu hawa wanaweza kuandaa msafara wa heshima katika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zilizo karibu na tarehe hiyo, wakati upepo wa kusi ungali unavuma na mvua za vuli hazijaanza.

Kazi ya mwanzo ni kuwaendea wafiwa, kabla hata ya kuhesabu pikipiki. Huko Marekani lipo kundi la waendesha pikipiki wanaojitolea, Patriot Guard Riders, lililoanza mwaka 2005, ambalo huhudhuria mazishi ya wanajeshi pale tu linapoalikwa na familia. Sharti hilo linatufaa sana, kwa kuwa wapo wafiwa ambao mpaka leo hawapendi tukio lile litajwe mbele yao, na ngurumo ya pikipiki 40 mlangoni kwa mtu wa namna hiyo si heshima bali ni adha. Atumwe mtu mzima mmoja anayejuana nao, aende kwa miguu, aulize kwa upole. Wakikataa, msafara usipite mtaani kwao.

Baada ya hapo aarifiwe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, na polisi wapewe barua yenye majina ya wasimamizi, njia na saa. Sheria inataka taarifa ya mkusanyiko itolewe si chini ya saa 48 kabla, lakini wiki nzima ni bora, maana huenda mkahitaji trafiki wa kuwavusha penye msongamano.

Ijumaa usiku, baada ya sala ya isha, isomwe hitima, yaani kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu. Chai, boflo na sukari vinunuliwe na waendeshaji wenyewe. Mfiwa asitoe hata kijiko.

Jumamosi mwondoke mjini mara baada ya alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali. Njia ya Bububu, Kama, Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni hadi Nungwi inakaribia kilomita 60, nayo ni nyembamba mahali pengi, yenye magari ya ng'ombe, watoto, na daladala za Nungwi, zenye namba 116, ambazo hazimsubiri mtu. Mwendo upimwe kwa vespa iliyo kongwe kuliko zote. Kilomita 40 kwa saa zinatosha, na anayeona hapo pana uvivu abaki nyumbani. Mkae upande wa kushoto wa barabara kwa kupishana, mmoja karibu na mstari wa kati na anayemfuata karibu na ukingo, ili kila mtu apate nafasi ya kufunga breki bila kumparamia aliye mbele. Zikizidi pikipiki 10, gawanyeni makundi yenye nafasi kati yake ili gari lipate kupita. Wa mwisho awe fundi, mwenye tyubu, plagi, spana na oili ya kuchanganya na petroli. Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na kwa abiria wake. Kanzu zikunjwe mkobani hadi mtakapofika, kwa kuwa pindo la kanzu na mnyororo wa pikipiki havipatani, na baibui vilevile lifungwe vizuri.

Mkifika Kama, zimeni injini mbali na makaburi na mwingie kwa miguu. Mwenye elimu awatangulie, atoe salamu za watu wa makaburini na aombe dua ya jumla, maana waliolala hapo wengine majina yao hayajulikani. Msikanyage kaburi wala msiketi juu yake, na simu zibaki mifukoni. Mimi binafsi naona picha ya mtu akitabasamu kando ya vespa yake mahali pale ni aibu kwa kundi zima. Wenye majembe na mapanga wakate majani, wengine wazoe taka.

Nungwi simameni pwani, mwelekee upande wa Pemba, mnyamaze kwa dakika chache, kisha msome fatiha. Pasipigwe honi. Adhuhuri iwakute karibu na msikiti, na wenyeji waliowapokea manusura siku ile washukuriwe hapo hapo.

Jumapili iachwe kwa familia zilizokubali kutembelewa. Waende watu watatu au wanne tu, wafikishe ubani uliochangwa, waketi kidogo na waondoke kabla ya chakula kupikwa. Familia nyingi ziko Pemba, kwa hiyo atakayevuka kwa boti akate tiketi mapema, pikipiki aiache Unguja, na mwenyeji wa Wete au Chake Chake ampokee bandarini.