Namna ya kufungua ngitili bila kuiharibu

Mfugaji wa Shinyanga au Simiyu hahitaji kuelezwa ngitili ni nini (eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake ziliwe kiangazi), kwa kuwa Wasukuma walitenga nyasi za kiangazi tangu zamani, kabla hata ya kuwapo maofisa ugani. Desturi hiyo ilidhoofika pale miti ilipofyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yalipopanuka na watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Ikafufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986. Kwa maoni yangu, wafugaji wengi wanajua kufunga eneo. Kasoro iko katika kulifungua.

Eneo lifungwe mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba, wala ndama wasiruhusiwe kuingia, ili nyasi zichanue na kudondosha mbegu zitakazoota msimu ujao. Mvua zikikatika mwezi Mei usiwe na haraka. Mashambani bado kuna mabua ya mahindi na mtama. Mifugo imalize hayo kwanza, na ngitili ifunguliwe Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokwisha.

Kabla ya kufungua, pima ulicho nacho. Kata nyasi zote katika mraba wa mita moja kwa mita moja, zianike hadi zikauke vizuri, kisha zipime kwenye mizani, ukirudia hivyo mahali kama kumi, penye nyasi nyingi na penye chache. Wastani wa gramu 200 ni sawa na tani 2 kwa hekta. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, yaani kilo 540 kwa siku 90. Kwa hiyo ng'ombe 10 wanahitaji kilo 5,400, na kwa kuwa ni nusu tu ya nyasi inayopaswa kuliwa, utahitaji zaidi kidogo ya hekta 5, sawa na ekari 13 hivi. Hesabu ikikataa, uza baadhi ya ng'ombe mapema, wangali na mwili na bei.

Ligawe eneo vipande vitatu au vinne, mifugo ilishwe kipande kimoja baada ya kingine. Ili kujua wakati wa kuhama, kunja ngumi, iweke chini kando ya shina la nyasi na usimamishe kidole gumba: nyasi zilizobaki zikiwa fupi kuliko ncha ya kidole hicho, hamisha mifugo siku hiyo hiyo. Wapewe nafasi ya kwanza ng'ombe wanaonyonyesha, ndama, na maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Nyasi kavu zina protini kidogo, hivyo ongeza mashudu ya pamba, majani ya karanga au choroko yaliyohifadhiwa baada ya mavuno, pamoja na jiwe la chumvi. Migunga isikatwe, kwani maganda yake huanguka wakati wa kiangazi na mbuzi huyapenda sana.

Safisha njia ya kuzuia moto kuzunguka eneo lote mara nyasi zinapokauka. Kwa ngitili ya kijiji, tarehe ya kufungua na faini ya anayeingiza mifugo kabla yake ziamuliwe na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na kuandikwa katika sheria ndogo za kijiji, maana mtu mmoja akiingiza kundi lake usiku, kesho yake wote wataingiza. Mawingu ya Oktoba yakianza kukusanyika, mifugo yote itoke, kwa kuwa chipukizi likiliwa kabla halijapata nguvu, shina lake hudhoofika na linaweza kufa.