Mshumaa Uwe na Mwenyewe: Namna ya Kuwasha Mshumaa Nyumbani kwa Usalama

Umeme ukikatika saa mbili usiku, au uniti za Luku zikiisha wakati hakuna namna ya kununua nyingine, wengi wetu hupapasa droo kutafuta mshumaa na kibiriti, kisha hudondosha matone mawili matatu ya nta juu ya chochote kilicho karibu, kiwe kifuniko cha plastiki, pembe ya meza au mgongo wa redio, na kuubandika mshumaa hapo. Kosa huanzia hapo. Nta iliyoganda hushikilia kwa muda tu, kwani mshumaa unapofupika joto huifikia nta ya chini, ikalainika, mshumaa ukaegama, na kile kilichoubeba kikawa ndicho kinachoungua.

Kwa sababu hiyo, maandalizi yafanyike mchana. Chukua karai dogo au sufuria pana iliyochakaa, itie mchanga mkavu hadi nusu, na usimamishe mshumaa katikati kwa kuuzamisha sentimita chache. Mchanga huushika mshumaa wima, hupokea nta inayotiririka, na hata mshumaa ukianguka huwa umeangukia mahali pasiposhika moto. Bilauri ya kawaida haifai, kwa sababu kioo chembamba hupasuka mwali unapokaribia kitako chake. Weka kibiriti pamoja na chombo hicho, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Kabla ya kuwasha, kata utambi ubaki na urefu wa milimita 6 hivi. Utambi mrefu hunyonya nta nyingi kuliko mwali unavyoweza kuichoma, na matokeo yake ni moto mkubwa unaochezacheza pamoja na masizi meusi ukutani. Kisha tazama pande zote: pasiwe na pazia, karatasi wala nguo ndani ya sentimita 30, na juu ya mshumaa pasiwe na rafu wala kitu kinachoning'inia, kwa maana joto hupanda, na ubao ulio juu ya mwali huweza kuanza kuungua bila mtu kuona.

Chumba cha kulala kinahitaji maneno zaidi. Vyandarua vingi tunavyotumia dhidi ya mbu vimefumwa kwa polyesta au aina nyingine ya plastiki, na vikiguswa na mwali huyeyuka na kudondosha matone ya moto juu ya aliyelala. Chini yake kuna godoro la sponji, ambalo likiungua hutoa moshi wenye sumu unaoweza kumlegeza mtu kabla hajaufikia mlango. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba mshumaa mmoja mdogo kando ya kitanda hauna neno. Chumbani tumia tochi, simu au taa ya sola, hata kama mwanga wake ni hafifu, na mshumaa ubaki sebuleni walipo watu walio macho.

Mwanafunzi anayejisomea kwa mshumaa auweke mbele yake, mbali kidogo, wala asiuinamie. Nywele za bandia zilizosukwa huyeyuka zikiungua na kuganda juu ya ngozi, na mikono mipana ya buibui au ncha ya mtandio hufika kwenye mwali bila mvaaji kuhisi. Dawa ya mbu ya kupuliza isitumike mshumaa ukiwaka, kwa kuwa gesi inayoisukuma kutoka katika kopo mara nyingi ni ya kuwaka. Vivyo hivyo, jenereta isiongezwe petroli kwa mwanga wa mshumaa. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ikitafuta moto. Ukiinusa, zima mshumaa hata kama uko mbali, fungua milango na madirisha, na uvujaji uutafute baadaye kwa povu la sabuni.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau: feni. Umeme unapokatika feni husimama ikiwa bado imewashwa, na unaporudi ghafla huanza kuzunguka, ikapeperusha pazia hadi kwenye mwali au kuangusha mshumaa wenyewe. Kwa hiyo zima swichi ya feni, pamoja na pasi na jiko la umeme, kabla ya kuwasha mshumaa.

Kinga ninayoithamini kuliko zote haihitaji fedha. Nyumbani kwetu, tulipokuwa watoto, kila mshumaa uliowashwa ulikuwa na mwenyewe: mtu mmoja alitajwa kwa jina, na yeye ndiye aliyewajibika kuuzima kabla hajalala, hata kama wengine walibaki wakizungumza. Pasipotajwa mtu, kila mmoja hudhani mwenzake atauzima. Mwenye mshumaa akitoka chumbani, hata kwa kwenda kuchota maji tu, aukabidhi kwa mtu mzima mwingine au auzime. Yeye huyo ahakikishe pia kwamba funguo za kufuli la mlango ziko mahali panapojulikana na wote, kwa sababu nyumba nyingi zina nondo madirishani na mlango ndio njia pekee ya kutokea.

Kuzima kwa kupuliza kwa nguvu hurusha nta ya moto. Funika mwali kwa kikopo cha bati, subiri hadi ncha ya utambi iache kuwa nyekundu, wala usiusogeze mshumaa kabla nta haijaganda.

Nta ikishika moto ndani ya chombo, usiimwagie maji, maana maji hugeuka mvuke papo hapo na kuitawanya nta inayowaka. Funika chombo kwa mfuniko wa sufuria na uuache hadi kipoe. Moto ukishafika kwenye pazia au samani na kuanza kupanda, waamshe wote, tokeni nje, funga mlango nyuma yenu bila kuutia kufuli, na mpige simu: Tanzania namba ya Zimamoto ni 114, na Kenya ni 999 au 112. Asirudi mtu ndani kufuata simu wala nyaraka.

Aliyeunguzwa na nta apoozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na nta iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe kwa nguvu. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe kabisa, kwa kuwa huzuia joto kutoka na kumpa mganga kazi ya kuvisafisha juu ya kidonda. Ikiwa pameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, apelekwe hospitali usiku huo huo.