Kuendesha baiskeli msituni Moshi: anzia Rau

Ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia Msitu wa Rau, tena bila kufikiri mara mbili. Uko karibu na mji, njia zake ni tambarare, na kivuli cha mivule kinakukinga na lile jua la Moshi. Lipia kiingilio kwanza. Nenda asubuhi, mbega wakiwa bado wanarukaruka juu. Ukitokea upande wa pili unakutana na majaruba ya mpunga.

Kabla ya kuingia, punguza upepo wa tairi. Mimi huacha psi 25 hivi (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye pampu). Tairi likiwa gumu kama jiwe litateleza kwenye mizizi. Kwenye mizizi iliyolowa usikate kona wala usibane breki ya mbele. Nyanyuka kwenye kiti, legeza viwiko, pita moja kwa moja.

Masika, Machi hadi Mei, achana na njia za udongo mwekundu. Tope linajaa kwenye fremu mpaka gurudumu linagoma, unaishia kuibeba baiskeli. Zile baiskeli za tairi nene, za inchi 4, wenzetu wa Alaska huzipanda kwenye theluji kwa upepo mdogo sana. Huku zinafaa kwenye vumbi la kiangazi, ila mpandoni utajuta.

Ukishazoea, panda Materuni, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni mpando mtupu! Kwenye vijia vya migombani chunga mifereji, na ukikutana na mama aliyejitwika majani ya ng'ombe, shuka, mwamkie, mpishe. Pancha ikikukuta huko juu hakuna fundi, kwa hiyo beba tyubu na pampu yako.